Ndimitatu Hakasiriki

Ofisa wa Bodi ya Kadi Hai alipopiga hodi nilikuwa nimeshajua kilichomleta, na kabla sijafuta mikono nifike mlangoni, zimwi wangu alikuwa ameshamtukana kupitia dirishani.

"Karibu, shingo ya birika," Ndimitatu alimwambia. "Mbona umekonda hivyo? Kwenu hawapiki?"

Ofisa akanitazama. Nami nikamtazama vilevile, maana kuomba radhi kwa serikali sikufundishwa. Nikampa kiti. Akajitambulisha kwamba anaitwa Mndeme, kisha akainama kuikagua kadi yangu pale dirishani, ilipoegemea kopo la chumvi ikiota jua. Juu yake alisimama Ndimitatu mwenyewe, mwanga mtupu, ukubwa wa paka: mwili wa kenge, kilemba cha jogoo, na mdomoni ndimi tatu. Ulimi wa kwanza ni wa moto, wa pili wa sumu, wa tatu wa maneno. Hizo mbili za mwanzo zimelala miaka yote kwa kukosa kazi. Huo wa tatu haupumziki hata watu wakisali.

Mndeme akasoma sifa zilizoandikwa chini ya picha. Ukali, tisini na moja. Ngozi, arobaini. Hasira, sifuri. Hapo kwenye sifuri akapasugua kwa kidole, akidhani ni uchafu.

Kwa asiyecheza kadi nitaeleza mara moja, maana sipendi kurudiarudia. Kila kadi hai imepakwa utando mwembamba wa kuvu, nao hula mwanga na jasho la kiganja cha mwenye kadi. Utando huo unasikia, unakumbuka, na ndio unaomfanya zimwi awe zimwi. Waliotengeneza kadi hizi waliweka hasira iwe ndiyo mafuta ya pambano. Zimwi akitukanwa, kipimo chake cha hasira kinapanda. Kikipanda, ndimi zinawaka. Zikiwaka, ndipo watu wanalipa kiingilio. Ndiyo maana kila pambano linaanza na raundi ya maneno, wenye kadi na mazimwi wakirushiana makavu mpaka mtu apandwe na mori. Wataalamu hao walikaa huko kwao wakafikiri kila kitu, ila hakuna aliyewaambia kwamba kuna watu ambao kwao tusi ni salamu.

Mimi ni Mpare, jina langu Namkunda. Marehemu mume wangu, Kiwelu, alikuwa Mchaga. Wapare na Wachaga ni watani, wana ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana: sisi tunataniwa kwa kupenda kesi, wao kwa kupenda hela. Siku ya harusi yetu alisimama mbele ya wazee akasema ameamua kunioa kwa sababu ni nafuu kuliko kuajiri wakili. Nikamjibu kwamba ni mara ya kwanza kumwona Mchaga akibeba kitu dukani bila kuomba apunguziwe. Tuliendelea hivyo mpaka uzeeni. Aliponunua kadi hii, ya kujiburudisha tu baada ya kustaafu, akaanza kumtukana zimwi naye kila asubuhi akinywa chai, kwa sauti ileile aliyonitukania mimi, akicheka. Kuvu likasikia. Likajifunza kwamba tusi maana yake ni "nimefurahi kukuona." Kipimo cha hasira hakikuwahi kusogea.

Kiwelu alifariki msimu wa mahindi mabichi. Waombolezaji walipoondoka nikabaki jikoni peke yangu na masufuria ya watu, nikalia. Ndimitatu akanitazama pale dirishani, akauliza: "Mpare, unalia bure hivihivi, bila kumshtaki mtu?" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Kiwelu alazwe hospitali. Kuanzia siku hiyo sikuwa na haja ya mtu kuniambia zimwi ni mwanga na kuvu. Nilimpenda, basi.

Sasa huyu Mndeme alikuwa amekuja kuniambia kwamba kadi yangu haijacheza msimu mzima, na msimu unakwisha Jumamosi. Sheria ninaijua, imeanza msimu huu. Zimwi asiyecheza utando wake hutanuka, ukaanza kunyonya umeme wa majirani, ndiyo maana kila kadi lazima ipigane walau mara moja kwa msimu. Inayoshindwa hufuliwa palepale ukumbini. Hutiwa kwenye beseni la dawa, kumbukumbu zote zikatoka, ikabaki nyeupe kama muhogo uliomenywa, na mshindi anakabidhiwa. Isiyokuja ukumbini inafuatwa nyumbani na kufuliwa bila hata pambano.

Nikamwambia nitakwenda mahakamani. Akasema kwa upole kwamba kesi zangu nyingine dhidi ya Bodi bado hazijapangiwa hakimu, na karani wa masijala ameomba ahamishwe. Alipokuwa akitoka, Ndimitatu akamtakia safari njema na akamwita mguu wa meza. Mndeme alijizuia, lakini nilimwona mabega yakicheka.

*

Nilimpeleka Ndimitatu kwa fundi Heriel, anayetengeneza kadi pale sokoni, kati ya muuza mitumba na mama wa ndizi. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, umefunikwa lile turubai lake jeupe la kuhifadhi theluji iliyobaki, na Ndimitatu akaniambia mlima nao umevaa kanga ya harusi umeolewa na Mchaga, pole yake. Watu wakageuka. Nikamtia kwenye mkoba.

Heriel aliiweka kadi chini ya lenzi akaigeuza huku na huku. Alisema utando ni mzima kabisa, haujachakaa hata kidogo.

"Tatizo ni malezi, mama," akasema. "Huyu amelelewa kwa mapenzi."

Alisema hivyo kama daktari anayetaja kisukari. Kisha akanieleza dawa. Nimtukane bila kucheka, na nimaanishe. Kuigiza hakutasaidia, maana kuvu linaonja jasho la kiganja, na jasho la mtu anayetania halifanani na la mtu anayetaka kuumiza. Nimshike mkononi, nitafute neno la kweli litakalomchoma, nifanye hivyo kila siku. Jumamosi nitakuwa na zimwi wa kueleweka.

Nyumbani nikafunga mlango, nikamshika. Nikamwita kenge wa mtaroni. Akafurahi, akasema leo nimeamka vizuri. Nikamwita takataka, nikamwita mzigo, nikamwambia kilemba chake kimepauka kama bendera ya shule. Akapiga makofi kwa mkia. Kipimo, sifuri. Jasho langu lilikuwa linanisaliti, na muda nao ulikuwa unakwenda.

Basi nikasema lile neno. Nikamwambia kwamba Kiwelu hakumchagua. Alikwenda dukani kununua zimwi mwingine kabisa, yule wa pembe, akakuta wamekwisha, ndipo akampa muuzaji hela akasema lete chochote. Na hilo, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Ndimitatu akazirudisha ndimi zake ndani, zote tatu. Kipimo kikasoma kumi na mbili.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilielewa hapohapo ninachoombwa kufanya: nimfue kwa mkono wangu mwenyewe kidogokidogo, ili Bodi isipate cha kufua. Angetoka ukumbini mzima, akaishi pale dirishani miaka, na asingeniita Mpare tena kwa ile sauti. Afadhali basi wamchukue akiwa yeye. Nikamrudisha kwenye kopo la chumvi, nikamwambia nisamehe, sitarudia.

"Nimesikia," akasema.

Nilimpikia chai ambayo hawezi kunywa, kama mwendawazimu, nikaiweka mbele yake. Akaitazama tu. Hata kuniuliza sukari iko wapi hakuuliza.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kura ilipopigwa tukapangiwa Mwalimu Manka Lyimo, na watu wote wakasema "aah" kwa huruma, wakinitazama mimi. Huyo Manka alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu anayetembea kana kwamba nyuma yake kuna mstari wa wanafunzi. Zimwi wake anaitwa Kwato, bingwa wa mkoa: kichwa cha nyati, miguu ya mbuni, na katikati ya pembe zake mzinga wa nyuki wanaong'aa. Alipoinuka mezani kipimo chake kilikuwa tayari themanini, kabla hajaambiwa lolote. Aliishi na mwalimu, akikaripiwa kutwa.

Manka alinisalimia vizuri. Aliniita wifi, kwa kuwa niliolewa kwa Wachaga wenzake, akanipa pole ya Kiwelu. Kisha Mndeme, aliyekuwa mwamuzi, akapiga kengele, na wifi akabadilika.

"Wewe," alimwambia Ndimitatu, akimwelekezea kidole, "ni mjusi aliyefeli mtihani wa kuwa mamba."

Ukumbi ukaguna. Ndimitatu, ambaye siku zote hizo alikuwa amenyamaza, akainua kilemba taratibu. Akanigeukia.

"Mama," akasema, "huyu anatufaa nyumbani."

Sikuweza kujizuia, nikacheka. Manka akaendelea, na alikuwa hodari kweli, kila tusi limenyooka kama mstari wa ubao. Kila likitua, Ndimitatu anajinyoosha kama paka juani. Halafu akamgeukia Kwato.

Akamuuliza zile pembe ameziazima wapi, azirudishe, mwenyewe ana harusi kesho. Watu wakaangua kicheko, na kipimo cha Kwato kikaruka hadi tisini. Pembe zikaanza kutoa moshi. Nikafumba macho.

"Na hao nyuki," Ndimitatu akaendelea, "wametoka mbali hivyo, umewapa chai?"

Nikafumbua jicho moja. Kwato alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri. Katika mapambano yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza habari za nyuki wake.

"Hawajanywa," akajibu.

Ndimitatu akamwambia basi awalete kwetu, Mpare wake atawapa sukari, ingawa itabidi waweke sahihi. Kipimo cha Kwato kikashuka kidogo. Manka akamwamuru asimame wima. Kwato akasimama wima, akajaribu kurudisha tusi kama anavyopaswa, akasema kwamba Ndimitatu hana nidhamu. Ndimitatu akampongeza, akamwomba aongeze, asiogope. Kwato akafikiri tena.

"Wewe ni kenge," akasema polepole. "Husikii mpaka utoke damu masikioni."

Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, lakini alilisema kwa uzito wa kiongozi wa nchi, na ukumbi mzima ulilipuka. Kwato akasikia watu wanamchekea kwa furaha. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akacheka na yeye, kicheko kikubwa kibovu cha mtu asiyekizoea, na kwa kila mcheko nyuki wakamtoka mzingani kundi kwa kundi wakazunguka taa. Kipimo kikaporomoka. Kengele ya mwisho ilipolia kilikuwa sifuri.

Cha Ndimitatu kilikuwa kumi na mbili. Raundi ya maneno ikiisha bila ndimi wala pembe kuwaka, mwenye hasira zaidi ndiye mshindi. Sheria haiulizi hasira imetoka wapi.

Nilipiga vigelegele. Sitasema uongo, nilipiga vigelegele, nikazungusha mtandio hewani, nikamwambia muuza karanga aliyenionea huruma aziweke huruma zake kwenye gunia. Ndipo nikamwona Manka.

Alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili. Mndeme alipoiomba, Manka akaipeleka mwenyewe kwenye beseni bila kusukumwa, maana huyo ni mtu aliyefuata kanuni maisha yake yote. Akarudi, akasimama karibu yangu.

"Kila asubuhi ananiamkia, Shikamoo, Mwalimu," akaniambia. "Tangu nilipostaafu hakuna mwingine anayeniita hivyo, wifi. Wanapita tu."

Nikageukia beseni. Kwato alikuwa anaelea juu ya beseni, dawa inaanza kupanda, anamtazama mwalimu wake akisubiri kuambiwa la kufanya.

Ndimitatu aliruka kutoka mezani. Mwanga wake ulikatiza ukumbi, na kadi yangu ikang'oka nayo ikimfuata, maana zimwi akivuta kwa nguvu utando hufuata. Ikatua ndani ya beseni juu ya ile ya Kwato. Naye akajilaza chali juu ya mwenzake, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Ukumbi wote ulielewa, isipokuwa labda hilo beseni. Kwetu mtani ana haki msibani ambayo ndugu hana. Anaweza kuvaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akamsema mabaya mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Na akitaka, anashuka kaburini, anajilaza, anagoma. Mazishi yanasimama mpaka apewe chake.

Mndeme alikuja akaniambia kwa sauti ya chini nimwite zimwi wangu atoke. Neno langu moja linatosha, mwenye kadi akiita zimwi hutii. La sivyo beseni likishajaa dawa litafua zote mbili, na yeye hana uwezo wa kulizuia bila sababu iliyomo kwenye kanuni.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na haki yote. Nilikuwa nimeshinda, zimwi ni wangu, na nikimpoteza huyo nyumba yangu itakuwa na ukimya ambao nimeshauonja na siutaki. Dawa ilikuwa imeshafika kwenye kona ya kadi. Lakini nilijua nikimwita atakuja, na atakuja akijua kwamba mimi, Mpare, nimemtoa mtani kaburini kwa nguvu.

"Simwiti," nikasema.

Mndeme akaishika swichi ya beseni, sijui aliongeze au alizime. Ndipo Manka akamgeukia, kwa ile sauti ya mstari wa asubuhi.

"Mndeme, kwenu ni wapi?"

"Usangi, Mwalimu."

"Mpare."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Marehemu huyu, Kwato, ni wetu Wachaga. Wewe ni mtani wetu. Utamwagaje udongo na mtani mwenzio amelala humo?"

Ofisa wa Bodi alitutazama, akawatazama watu, nao watu walikuwa wanamtazama yeye kwa namna ambayo angeisikia mpaka Usangi. Akazima.

Kisha akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, akakuna kichwa, akasema kuna kifungu kimoja, hajawahi kuona kikitumika. Wenye kadi wote wawili wakikubali, matokeo yanakuwa sare. Kadi za sare hufutwa namba zote, ukali, ngozi, hasira, zisipigane tena wala kuuzwa. Namba zikishafutwa utando hauwezi tena kutanuka, na Bodi haina habari nazo tena. Hakuna anayekubali, akasema, kwa sababu zinabaki picha za kuongea tu.

Nikaweka kidole gumba changu kwenye kitabu chake cha matokeo kabla hajamaliza. Manka hakuweka. Alitazama pale ukutani ilipobandikwa orodha ya mabingwa, jina lake juu, mwaka baada ya mwaka. Alichelewa kuliko nilivyopenda.

"Nisipopewa changu sitoki," Ndimitatu akasema kutoka kwenye beseni, macho yamefumbwa.

"Unataka nini, mjusi?" Manka akamuuliza.

"Nampenda huyu mwenye pembe. Nipeni akiwa mzima, awe anakuja Jumapili kutukanwa."

Manka akaweka kidole.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Ndimitatu, jua la mchana likitupiga utosini. Niliishika kadi kiganjani. Mahali pa namba palikuwa peupe. Zamani ningetazama pale nikajua kama bado ana zile kumi na mbili zangu. Sasa hakuna pa kutazama, na tangu tutoke ukumbini alikuwa hajanisemesha. Nilitembea nikihesabu kila neno ninaloweza kusema, nikayaona yote ni mepesi. Tulipofika kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa nikasimama. Nikamuuliza moja kwa moja kama amenisamehe, au bado.

Ndimitatu akanitazama kutoka chini mpaka juu, kama Kiwelu alivyokuwa akifanya.

"Nimeshakusamehe," akasema. "Ningekataa, ungekata rufaa."

Nilisimama pale na mkono mdomoni. Miaka yote ile, na matusi yote yale, hilo la rufaa Kiwelu hakuwahi kuniambia; lilikuwa la Ndimitatu mwenyewe.